Msomaji wa Kijito Namba Saba

Barua ilipanda mlima ndani ya gunia la chumvi. Mwenye punda, ambaye mara moja kila mwezi aliwaletea mume na mke waliokaa kule juu chakula na mafuta ya taa, aliitoa, akaikung'uta, akamkabidhi Mama Fundi, kwa sababu siku hizi kila kitu katika nyumba ile alikabidhiwa Mama Fundi.

"Ina muhuri wa ofisi," alisema. "Mimi sijaifungua. Imejifungua yenyewe kwa jasho la punda."

Mama Fundi aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Kisha akaisoma tena, safari hii kwa sauti, ili asikie mumewe aliyekuwa kwenye kigoda akimenya viazi kwa kupapasa. Ofisi ya maji ilikuwa inamleta mkaguzi. Angefika Alhamisi, angelala siku moja, na angekagua kituo, vifaa na msomaji.

"Na msomaji," alirudia Baba Fundi.

"Ndivyo walivyoandika."

"Miaka kumi na tisa hawajapandisha hata mbuzi kuja kunikagua. Leo ndiyo wamekumbuka!"

Mwenye punda alicheka peke yake, akaona hakuna anayecheka naye, akaanza kushusha mizigo.

Mahali pale palikuwa mwendo wa saa sita kwa miguu kutoka barabara inapokomea. Kijito kilianzia kwenye magenge ya juu, ambako hakukuwa na mtu wala njia ya mtu, kikateremka kati ya mawe makubwa kama nyumba, kikapita chini ya msitu wenye ukungu na nyani, kisha kikajibana kwenye korongo jembamba. Ofisini kilijulikana kama Kijito Namba Saba. Pale kwenye korongo, ubao wenye mistari ya sentimita ulikuwa umepigiliwa kwenye mwamba. Mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, ilibidi mtu ashuke ngazi zilizochongwa mwambani, aangalie maji yamegusa mstari gani, apande na kuandika namba kwenye daftari. Hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa Baba Fundi, akapewa na nyumba ya vyumba viwili yenye bati lililoshikiliwa na mawe. Wenye punda walimwita Mzee Sentimita.

Tatizo ni kwamba kwa miaka miwili na miezi minne Mzee Sentimita hakuwa ameuona ule ubao.

Usubi ndio uliomla macho. Vile vijidudu vyeusi huzaliana penye maji yaendayo kasi, na kwa miaka yote alipokuwa ameinama juu ya kijito vilikuwa vikimuuma shingoni, masikioni, kwenye vifundo vya miguu. Kwanza ngozi ilimwasha hata akajikuna kwa kigae. Baadaye ukungu wa korongoni ukawa hauondoki hata jua likiwaka. Siku aliyoandika namba ya maji juu ya namba ya jana, mkewe alimnyang'anya kalamu, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyeshuka, yeye ndiye aliyepanda, yeye ndiye aliyeandika, akiiga hati ya mumewe. Mwisho wa mwezi alikishika kidole cha mzee, akakiweka penye mstari, na mzee akatia sahihi.

Namba zote zilikuwa za kweli. Aliyezisoma tu ndiye hakuwa mzee.

*

Kwa siku tatu walifanya mazoezi kama watoto wanaojiandaa kwa mchezo wa shule. Baba Fundi alizijua ngazi kwa nyayo, hizo hazikumtisha. Alijifunza mahali pa kusimama, mahali pa kugeuza uso ili aonekane anatazama ubao na si mwamba wa jirani.

"Kushoto kidogo," mkewe alimwambia. "Hapo unautazama mti."

"Mti wenyewe mzuri?"

"Acha mzaha, baba. Wakikutoa hapa tutakwenda wapi?"

"Kwa Fundi."

"Fundi ana chumba kimoja, na nusu yake imekaliwa na cherehani."

Fundi alikuwa binti yao pekee. Alishona nguo katika mji mdogo ulioko bondeni, ule ambao mabomba yake yalikunywa kutoka kijito hiki hiki, mbali huko chini.

Lililobaki lilikuwa namba yenyewe. Walikubaliana kwamba siku hiyo Mama Fundi angeshuka mapema, kama mtu anayekwenda kuosha viazi, angeisoma, na akirudi angeitaja kwa sauti kama idadi ya viazi. Saa kumi na mbili jioni mzee angeshuka na mkaguzi na kuitamka ile ile. Kijito hakikuwa na papara wakati wa kiangazi. Ndani ya saa moja hakingepanda wala kushuka.

*

Mkaguzi alifika saa tisa alasiri, akichechemea. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kiasi, mwenye viatu vya mjini vilivyofumuka upande mmoja. Mama Fundi alimpa beseni la maji ya uvuguvugu na kumsaidia kuvua soksi. Miguu ilikuwa malengelenge matupu.

"Shikamoo, mzee," alisema mkaguzi huku akiuma meno. "Nisamehe sijasimama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mlima huu haumheshimu mtu."

Baba Fundi aliketi pembeni, ameelekeza uso kule sauti inakotoka. Mkaguzi aliyafungua madaftari, akawa akipekua na kuguna. Akasema hajaona kituo chenye madaftari safi kama haya. Vituo vingine, alisema, wasomaji huketi nyumbani na kubuni namba za wiki nzima kwa mkupuo mmoja.

"Na hivi sasa ndiyo yanatakiwa kuliko wakati mwingine wowote," aliendelea. "Kuna wenye mashamba makubwa wa upande wa pili wa mlima wanaotaka kibali cha kuvuta maji ya kijito hiki kwa bomba. Ofisi itawakadiria kwa vipimo. Hii miaka yako miwili ya mwisho, mzee, imewakera kweli. Inaonyesha maji yamepungua mno. Namba hizi zikihesabiwa, watapewa bomba jembamba au wasipewe kabisa."

"Namba ni namba," alisema Baba Fundi.

"Ndiyo. Ndiyo maana wameomba kituo kikaguliwe."

Mama Fundi alichukua sufuria ya viazi, akashuka. Aliporudi alikuwa anahema, na alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Nimeosha viazi thelathini na kimoja."

Mkaguzi aliinua kichwa, akacheka. "Mama, hapa mnakula kwa hesabu?"

"Nyani ni wezi," alijibu Mama Fundi. "Usipohesabu hujui umeibiwa."

*

Hawakujua kwamba kule juu magengeni mvua ilikuwa imenyesha. Pale kituoni halikudondoka hata tone. Anga lilikuwa kavu, na jua la jioni lilikuwa bado kwenye ncha za miti. Baba Fundi alitangulia kushuka, mkono mmoja kwenye kamba ya chuma, mkaguzi akimfuata akiwa amevaa kandambili za mwenyeji wake. Mama Fundi alibaki juu. Angeshuka naye, ingeonekana vipi?

Alipofika katikati ya ngazi, mzee alisita. Sauti ya kijito ilikuwa imebadilika. Ilikuwa nzito, imejaa, kama mtu anayeongea ana chakula mdomoni, na ule mlio mwembamba wa maji yanayochezea mawe madogo haukuwepo tena. Kwa masikio yake peke yake angesema hamsini, labda hamsini na tano. Lakini mkewe alikuwa na macho, naye masikio tu, na kwa miaka miwili na miezi minne mkewe hajawahi kukosea.

Alisimama mahali pake, akageuza uso kushoto kidogo, akanyamaza kwa muda wa kufaa.

"Thelathini na moja," alisema.

Mkaguzi aliutazama ubao. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yamefunika ngazi ya mwisho na yalikuwa yanaramba vidole vya mzee ndani ya viatu vyake vilivyotoboka. Kwenye ubao yaligusa hamsini na sita.

"Mzee," alisema mkaguzi polepole. "Hebu soma tena."

"Thelathini na..." Hapo ndipo baridi ilipopenya kiatuni, na Baba Fundi akaelewa. Alifunga mdomo. Alipanda ngazi moja kinyumenyume.

Mkaguzi aliinua mkono wake mbele ya uso wa mzee. "Hivi ni vidole vingapi?"

"Usinifanyie hivyo, mwanangu."

"Vingapi, mzee?"

"Usinifanyie hivyo. Mimi ni mtu mzima."

Mkaguzi aliushusha mkono. Alijisikia kama aliyemfungulia mtu mlango wa bafu akiwa anaoga. Akamshika kiwiko, wakapanda pamoja mpaka juu.

*

Mama Fundi hakungoja kuulizwa. Aliwatazama walivyopanda, akajua.

"Ni mimi," alisema. "Tangu mwaka juzi ni mimi. Yeye hana kosa, kosa lake ni kutoona."

"Mama, haya madaftari..."

"Haya madaftari ni ya kweli. Twende ukanipime."

Alimshusha mkaguzi tena, pamoja na malengelenge yake. Maji yalikuwa yanaruka na kuupiga ubao. Mama Fundi alichuchumaa, akasubiri wimbi lipande, akataja namba. Akasubiri lishuke, akataja nyingine. Akafanya hivyo mara tano, kisha akatoa ya katikati. Mkaguzi alikuwa na kipimo chake cha chuma, cha ofisi. Tofauti yao ilikuwa nusu sentimita, na alipopima mara ya pili aligundua kwamba aliyekosea ni yeye.

"Nani alikufundisha?"

"Yeye. Alinifundisha kwa maneno, amekaa kwenye kigoda."

Mkaguzi aliketi kwenye mwamba, akajipiga usubi shingoni. Alikuwa mtu mwaminifu, na uaminifu wake ulikuwa haujawahi kumgharimu kitu mpaka jioni ile.

*

Asubuhi, baada ya chai, aliweka karatasi mbili juu ya meza.

"Nimefikiri sana," alisema. "Sikilizeni vizuri. Karatasi ya kwanza ni ya kustaafu kwa umri. Mzee akitia sahihi hii, mimi sikuona kitu jana. Madaftari yanabaki kama yalivyo, yanakwenda kwenye hesabu za bomba. Lakini kustaafu kwa umri, kwa kibarua wa kituo, ni kiinua mgongo kidogo cha mara moja. Hakifiki mbali."

"Na ya pili?" aliuliza Mama Fundi.

"Ya pili ni ya ugonjwa wa kazini. Usubi umo kwenye orodha. Atachunguzwa na daktari, atalipwa fidia kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake, na dawa juu. Lakini lazima itajwe tarehe aliyoacha kuona. Na tangu tarehe hiyo, kila namba iliyoandikwa inafutwa."

"Hata kama ni sahihi?"

"Hata kama ni sahihi, mama. Hukuajiriwa."

Alitoka nje kwa heshima, akawaacha wazungumze. Alisimama karibu na ukuta akijifanya anatazama paa.

"Ya kwanza," alisema Baba Fundi papo hapo.

"Ngoja kwanza tuongee."

"Hakuna la kuongea. Mji mzima uko huko chini. Fundi yuko huko chini. Wakifuta hii miwili, itabaki ile ya mvua nyingi, watasema kijito kimenona, watakivuta chote. Miaka miwili umepanda na kushuka na magoti yako mabovu, halafu waseme hukuwepo?"

"Mimi sijali wasemavyo."

"Mimi najali! Ni kazi nzuri kuliko yangu. Nimeshasema, ya kwanza."

Mama Fundi alimtazama. Alitazama ngozi ya miguu yake, iliyokuwa ngumu na yenye mabaka kama ya mjusi. Jinsi alivyoinamisha kichwa ili asikie mkewe alipo. Sharubu alizomnyoa mwenyewe juzi, upande mmoja zikabaki. Aliuona mwaka ujao na mwaka wa baada yake: chumba kimoja, cherehani, kiinua mgongo kimekwisha, na mzee huyu akijikuna kwa kigae huku binti yao akijidai hasikii.

"Hizo namba hazitakushika mkono kukupeleka chooni," alisema.

"Utanipeleka wewe."

"Na mimi nikifa?"

Baba Fundi aligeukia mlangoni. Akaita tu, "Mkaguzi! Njoo. Tumekwisha kukubaliana. Ya kwanza."

Mkaguzi aliingia na kalamu. Mama Fundi alizivuta karatasi zote mbili upande wake, kama alivyozivuta karatasi za mwezi hadi mwezi. Akamshika mumewe kidole, akakiweka penye mstari.

Ulikuwa mstari wa karatasi ya pili.

Mkaguzi aliona. Alifungua mdomo. Mama Fundi alimtazama machoni, hakupepesa, na mkaguzi akainamisha macho. Kalamu ilikwaruza. Baba Fundi alitia sahihi yake ndefu yenye mkia, akaipulizia wino ukauke.

"Shahidi anatia sahihi hapa chini," alisema Mama Fundi kwa sauti tulivu.

Mkaguzi alichukua kalamu, akatia.

"Basi," alisema Baba Fundi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alitabasamu. "Namba zetu ziende zikafanye kazi."

*

Walihamia mjini kabla ya masika. Mumewe alipopelekwa kwa daktari, Mama Fundi alimwambia kila anayestaafu huchunguzwa. Fedha zilipoanza kuingia mwezi hadi mwezi, alimwambia ofisi imebadilisha utaratibu, sasa wanalipa kidogo kidogo. Baba Fundi alisema kumbe ofisi ile ina watu. Walipanga chumba jirani na binti yao. Dawa ilituliza muwasho, na mzee akawa analala usiku kucha. Mama Fundi alimsikiliza akikoroma na kujiambia kwamba alifanya vyema. Alijiambia hivyo mara nyingi kuliko anayeamini anavyohitaji kujiambia.

Bomba la wenye mashamba lilijengwa mwaka uliofuata. Lilikuwa nene kiasi cha mtu kutambaa ndani yake. Kiangazi cha kwanza, mabomba ya mji yalitoa maji nusu siku. Kiangazi cha pili yalitoa upepo. Fundi aliacha kushona nguo za wateja asubuhi, kwa sababu asubuhi zote zilikwenda kwenye foleni ya kisima kimoja cha zamani, na wateja wakahamia kwa mwingine. Akakonda. Akawa mkali.

Siku moja Baba Fundi alisindikizwa na mkewe mpaka kwenye foleni ile ili ampelekee binti yao uji. Mwanamke mmoja mwenye ndoo mbili alimtambua.

"Si ndiye huyu aliyekuwa akipima mto? Baba, ulipima nini huko? Ulikuwa unalala?"

Watu walicheka, si kwa furaha. Mwingine alisema waliopima walihongwa na wenye mashamba, ndiyo maana huyu halipi kodi ya nyumba kwa jasho lake.

"Niliandika!" alipaza sauti Baba Fundi, akigeukageuka asijue wamesimama upande gani. "Miaka miwili mfululizo niliandika kwamba maji yanapungua! Yako ofisini! Nendeni mkasome!"

"Baba, twende nyumbani," alisema Fundi kwa aibu.

"Siendi nyumbani. Nipelekeni ofisini. Sasa hivi."

Njia nzima Mama Fundi alitafuta maneno. Walipita duka la vyuma, wakapita shule, na kila kona alisema moyoni, nikifika pale nitamwambia. Walifika ofisi ya maji hajamwambia.

Karani alikuwa kijana mpole, mwenye kola safi. Alilitafuta faili kwenye kabati, akalipangusa vumbi.

"Kijito Namba Saba. Ndiyo, mzee, vipimo vyako vipo. Ila hiyo miaka miwili na miezi minne ya mwisho haipo. Ilifutwa."

"Nani aliifuta?"

Karani alifikiri anataniwa. "Wewe mwenyewe, mzee. Hii hapa nakala, na sahihi yako. Si ndiyo unayolipiwa fidia?"

Alimwekea karatasi mkononi. Baba Fundi aliipapasa kama anayepapasa uso wa mtu.  Mama Fundi alisikia saa ya ukutani, na watu waliokuwa nyuma yao wakikohoa kumhimiza karani.

"Naomba niondoke na hii," alisema mzee.

"Chukua tu. Tunazo mbili."

Nje kulikuwa na benchi la saruji. Baba Fundi alilikuta kwa goti, akaketi. Mkewe alibaki amesimama mbele yake, mikono ameifunga tumboni.

"Ulikuwa unajikuna mpaka damu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nafua mashuka."

"Kaa."

Alikaa. Mzee alimnyooshea ile karatasi.

"Nisomee. Yote. Usiruke neno."

Mama Fundi aliikunjua. Alisoma jina la kituo na namba yake. Alisoma kwamba mtajwa alipata upofu kutokana na kuumwa na usubi akiwa kazini. Alisoma tarehe. Alisoma kwamba vipimo vyote vilivyoandikwa tangu tarehe hiyo vimeandikwa na mtu asiyeajiriwa, havifai kwa matumizi yoyote, na vifutwe. Sauti yake ilikuwa kavu na iliyonyooka, kama alivyozoea kutaja sentimita. Kisha akaishusha karatasi mapajani.

"Imeisha?" aliuliza Baba Fundi.

"Bado mstari mmoja."

"Soma."

Watu walipita mbele yao na ndoo tupu. Mama Fundi aliisogeza karatasi karibu na macho, ingawa aliiona vizuri.

"'Nathibitisha,'" alisoma, "'kwamba nimesomewa maneno yote yaliyomo humu, nimeyaelewa, na nimetia sahihi kwa hiari yangu.'"

"Haya," alisema Baba Fundi. "Sasa ndiyo nimesomewa."